Nina C ya upasuaji, nautaka ubingwa wa mifupa

Shikamoo Mama Daktari,

Mimi ni daktari wa kawaida, MO, nina miaka 31, nafanya kazi kwa mkataba katika hospitali moja ya misheni si mbali na Moshi. Jina langu naomba ulihifadhi. Mji wetu ni mdogo, na mtu ukikohoa Kiboriloni, Majengo wanakupa pole.

Nilimaliza udaktari nikiwa na GPA ya 2.8. Mwaka wa kwanza nilipiga sapu (mtihani wa kurudia) ya baiokemia, mwaka wa tatu sapu ya famakolojia, na mwaka wa tano kwenye upasuaji nikapata C. Zile sapu nimeshazisahau. Hiyo C ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu kitu ninachokitaka maishani ni mifupa. Nimejaribu kujishawishi nipende watoto, nipende magonjwa ya ndani, imeshindikana. Nikiona eksirei ya paja lililovunjika vipande vitatu, mimi nasikia njaa ya kazi.

Nimeomba ubingwa mara mbili. Mara ya kwanza jina halikutoka na sikuambiwa kwa nini. Mara ya pili niliitwa kwenye usaili. Walikuwa watu watano mezani, na swali la kwanza likawa, "Daktari, hii C ya upasuaji imekujaje?" Nikasema nilikuwa mgonjwa. Mama, sikuwa mgonjwa. Mmoja wao akaandika kitu kwenye karatasi, na yaliyofuata baada ya hapo siyakumbuki vizuri. Jina halikutoka.

Ukweli wenyewe ni kwamba kwa mgonjwa, kitandani, nilipata 67. Kwenye karatasi nikapata 46. Maswali ya kuchagua yananitesa tangu sekondari: nafuta majibu matatu vizuri kabisa, nikibaki na mawili nachukua lile lisilo sahihi. Na si kwamba sisomi. Ninayo makauntabuku kumi na moja ya noti nilizonakili kwa mkono kutoka vitabuni, hadi vidole vikaota sugu.

Kazini sina shida. Jumamosi usiku kwetu ni bodaboda tu, na masista wameshazoea kuniita hata nisipokuwa zamu. Kuna bosi wa mifupa anayekuja mara moja kwa mwezi, na akija mimi ndiye ninayemshikia mguu theata. Sijawahi kumwomba barua ya udhamini. Naona aibu. Yeye amezungukwa na vijana wenye A.

Sasa Krismasi tulikuwa nyumbani Kibosho, ukoo mzima. Baba mdogo anayeishi Dar akasema mbele ya watu kwamba haiwezekani familia iwe na daktari wa kufunga vidonda tu. Akapendekeza tuuze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, kwa mtu anayetaka kujenga lodji, pesa zinisomeshe popote watakaponipokea. Baba yangu, mwalimu mstaafu, hakusema neno. Alisimama akaenda kuangalia migomba, na ilikuwa saa mbili usiku.

Rafiki yangu tuliyesoma naye anajiandaa na mitihani ya Marekani. Anasema kule hawaangalii GPA ya Tanzania, ukipiga alama nzuri kwenye mtihani wao mmoja umemaliza kazi. Mwingine anasema umri unakwenda, nichukue afya ya jamii nipumzike.

Nikubali kihamba kiuzwe? Nifuate Marekani? Au nikubali kwamba mifupa si fungu langu?

Mwenye C, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nilichopigia mstari si C. Nimepiga mstari chini ya maneno "nikasema nilikuwa mgonjwa".

Upande ule wa meza nimekaa miaka kadhaa kabla sijastaafu, kwa hiyo ngoja nikuambie kinachoendelea pale. Vyuo vingi vinataka mwombaji wa uzamili wa udaktari awe na wastani wa B au GPA ya 2.7 kwenda juu. Wewe una 2.8. Umevuka mstari, kwa nywele, lakini umevuka. Ungekuwa na 2.5 ningekuandikia barua nyingine kabisa. Mtu akishavuka na kuitwa ndani, karatasi yake imeshasomwa. Walipokuuliza ile C imekujaje walikuwa wameshaiona, na bado walikuwa wamekuita. Walitaka kukusikia ukieleza kosa lako kwa mdomo wako.

Kwa nini hilo ni muhimu kwa watu wa mifupa? Chukua kijana aliyefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mifupa, jioni baada ya kuvunjika mguu chini ya goti. Saa tatu usiku analalamika maumivu, anapewa dawa. Saa sita analia, vidole vimevimba, ukimnyoosha kidole gumba anapiga kelele. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, aliyelifunga lile hogo anajua moyoni kwamba amelibana. Sasa ana njia mbili: alipasue saa hiyo hiyo hadi kwenye ngozi, kisha ampigie bosi simu aseme "nimelikaza mimi, njoo", au aongeze dawa ya maumivu asubiri kukuche. Misuli iliyokosa damu haingoji kukuche. Muda wa saa sita ukipita unaanza kuhesabu mguu utakaobaki kilema. Mwenye A kumi asiyeweza kupiga ile simu simtaki kwenye wodi yangu. Na wewe, mwanangu, kwa swali dogo la saa nne asubuhi, ukiwa umevaa tai, hukuweza.

Nimekusema vya kutosha, sasa tufanye kazi.

Jibu la swali lile unalo tayari, umeniandikia mimi: "Kwa mgonjwa nilipata 67, kwenye karatasi 46. Nilikuwa nasoma kwa kunakili. Tangu hapo nimefanya hivi na hivi." Nusu ya kwanza imekamilika. Shida ni kwamba baada ya "tangu hapo" huna kitu. Umeomba mara mbili ukiwa na karatasi ile ile ya mwaka wa tano, na hakuna jipya pembeni yake. C haifutiki. Kinachowezekana ni kuiwekea jirani mwenye tarehe ya karibuni zaidi.

Nianze na kunakili, maana huko ndiko uliko ugonjwa. Makauntabuku kumi na moja! Mwanangu, hayo si masomo, huo ni ukarani. Mkono unafanya kazi, kichwa kimelala. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mtihani wangu wa kwanza wa anatomia kwenye ubingwa nilianguka, na nilikuwa na daftari zuri kuliko wote, lenye rangi nne. Mwalimu wangu hakunipa pole. Alichukua chati ya dawa iliyokwisha kutumika, akaigeuza, akasema, "Nichoree mishipa ya fahamu ya mkono, kuanzia shingoni." Nikachora mizizi mitano, nikafika kwenye shina la kati nikakwama. Akasema, "Hapo ndipo ulipoishia kusoma. Kesho utaanzia hapo." Kila asubuhi kabla ya raundi alinigeuzia chati moja. Nilichukua wiki tatu kuichora yote bila kuangalia, hadi leo naweza kuichora kwenye mchanga.

Kwa maswali ya kuchagua dawa ni ya jamii hiyo hiyo. Chukua maswali 20 kila siku, si 100. Kabla hujaangalia majibu waliyokupa, funika kwa mkono useme jibu lako. Halafu funua. Ukikosa, usiandike jibu sahihi; andika sentensi moja kueleza kwa nini lile ulilolichagua lilikudanganya. Baada ya miezi miwili utaona unadanganywa na mambo manne au matano yale yale, na wengi hugundua kwamba mojawapo ni kusoma swali haraka na kuruka neno "isipokuwa". Usidhani utalikwepa hili kwa kubadilisha chuo. Mitihani ya kuandika ipo kila unakokwenda kwenye ubingwa, na ni aibu zaidi kuanguka ukiwa ndani, umeshaacha kazi.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifurahisha katika barua yako, nalo umelitaja kama vile halina maana: Jumamosi usiku ni bodaboda tu. Umekaa juu ya mgodi na unaomba mkopo!

Nunua kauntabuku la kumi na mbili, hili lisiwe la kunakili. Chora safu nne. Saa ya ajali. Saa ya kufika getini. Saa ya sindano ya kwanza ya antibayotiki. Saa ya kuingia theata kuoshwa kidonda. Andika humo kila mgonjwa ambaye mfupa umetoboa ngozi, na daraja la kidonda kwa mpangilio wa Gustilo na Anderson wa mwaka 1976 unaoujua. Antibayotiki inatakiwa iingie mapema iwezekanavyo, ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Nakuhakikishia utashtuka. Niliwahi kufanya zoezi hili katika hospitali moja, sitaitaja, nikakuta sindano inachelewa si kwa sababu ya daktari wala nesi. Ndugu wa mgonjwa alikuwa anatumwa dirishani kulipia kwanza, dirisha lina foleni, risiti ikitoka anakwenda duka la dawa, huko nako foleni, na mgonjwa anasubiri na mfupa wake nje umefunikwa kitenge. Tulichofanya ni kuomba boksi moja la dozi za kwanza likae chumba cha dharura, malipo yafuate baadaye. Basi. Boksi la plastiki lenye kufuli.

Pima miezi mitatu, badilisha kitu kimoja, pima tena miezi mitatu. Mwombe mganga mfawidhi ruhusa kabla hujaanza, na kama unataka kuchapisha, pitia kamati ya maadili ya utafiti mapema. Ukiwahi kukusanya kwanza na kuomba kibali baadaye utajikuta na kazi isiyochapishika. Hata isipochapishwa, ukiingia kwenye usaili ukasema "kwetu sindano ilikuwa inachukua muda huu, sasa inachukua muda huu, na hiki ndicho tulichobadilisha", hakuna atakayerudi kwenye C yako. Nimeona vijana wenye A wakiulizwa "umefanya nini tangu umalize intani?" wakatazama dari.

Ukiwa na nafasi, uliza pia ni siku gani kuna kliniki ya miguu kifundo karibu nawe, ukajifunze. Mtoto mchanga, mguu umekunjwa ndani kama ngumi, unaunyoosha kidogo kwa vidole na kuufunga hogo jembamba, wiki inayofuata unalivua, unanyoosha kidogo tena. Mahogo matano au sita, wengi wanahitaji na kijikato kidogo cha mshipa wa kisigino, kisha viatu vya chuma miezi mitatu mchana na usiku, na baada ya hapo usiku tu hadi mtoto afike miaka minne hivi. Njia ni ya Ponseti, haihitaji theata kubwa wala bingwa wa kukusimamia kila dakika. MO mwenye subira anaiweza. Na ni kazi inayofundisha vidole kuliko kitabu chochote.

Twende kwa bosi wako. Unasema unaona aibu kumwomba barua kwa kuwa amezungukwa na wenye A. Hao wenye A hawajamshikia mguu kwenye theata yenu akipigilia chuma bila mashine ya kuonyesha mfupa, au siyo? Kama anatumia vile vyuma vya shirika la SIGN vinavyoingizwa ndani ya mfupa, na kwa theata nyingi za kwetu ndivyo, basi kuna kazi mezani kwake ambayo naamini inamchosha. Kila mgonjwa anaingizwa kwenye kumbukumbu zao za mtandaoni, picha kabla na baada, kisha akirudi baada ya miezi anapigwa picha akichuchumaa, maana mwenye kuchuchumaa na kutabasamu mfupa wake umeshika. Wagonjwa hawarudi. Simu hazipokelewi. Mwambie, "Bosi, nipe orodha, nitawatafuta mimi." Ukimrudishia kumi na tano waliopotea, wakichuchumaa, huna haja ya kumwambia wewe ni mchapakazi.

Halafu ndipo umwombe barua, na umwombe hivi: "Bosi, unaweza kuniandikia barua nzito, au nimwombe mwingine?" Akisita, shukuru uondoke, barua ya kusita ni mbaya kuliko kukosa. Akikubali, mpe ukurasa mmoja wa kumbukumbu: mahogo uliyofunga, kesi ulizomsaidia, usiku ule uliompigia na ukawa sahihi, usiku ule uliokosea ukamwambia. Barua zinazosema "ni kijana mwaminifu, mwenye bidii na ushirikiano" tulikuwa tunazisoma kwa sekunde tano. Zote zinafanana, nadhani watu wanarithishana. Ile inayosema "alinipigia saa tisa usiku kuhusu mguu fulani, nikaenda, na alikuwa sahihi" mtu anaisoma kwa sauti wenzake wasikie.

Wengi mnasahau mlango ambao uko hapo hapo kaskazini. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, sekretarieti yake iko Arusha, barabara ya Njiro. Kile hakina kampasi. Unafundishwa ndani ya hospitali iliyoidhinishwa, unajaza logibuku, daftari la kumbukumbu, ya kila upasuaji, unafanya mtihani wa kuandika kisha wa mdomo na wagonjwa. Miaka miwili ya kwanza ni uanachama, mitatu inayofuata ni ubingwa wenyewe, na mifupa imo. Kwa mtu kama wewe tofauti yake kubwa ni hii: anayekuchukua ni hospitali, na mkuu wa idara anachukua mtu ambaye ameona mikono yake. Ndiyo maana nakusukuma sana kwa bosi wako. Mara nyingi unakuwa mwajiriwa wa hospitali hiyo hiyo, mshahara unaingia. Ila kabla ya kusaini chochote, nenda Baraza la Madaktari Tanganyika uulize kwa maandishi utakavyosajiliwa ukimaliza, na uhifadhi jibu.

Mshahara unanileta kwenye kihamba.

Mimi ni Mpare, na nyie Wachaga mnasema Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Sawa. Lakini nikikuambia kitu kisiuzwe, ujue nimeshapiga hesabu mara tatu. Rezidenti wa hapa nchini hulipa ada, halipwi na hospitali anayoifanyia kazi. Miaka mitatu au minne, zamu za usiku, bila mshahara, labda uwe na mwajiri aliyekuruhusu na anaendelea kukulipa. Pesa ya kipande cha shamba italipa ada ya mwanzo, baadaye utaanza kukopa kula. Na yule wa lodji atachimba msingi walipozikwa kina babu yako. Baba mdogo ataendelea kuishi Dar.

Mpangilio ninaouona mimi ni huu: ajira kwanza, ubingwa baadaye. Nafasi za serikali zikitangazwa, omba, hata kama ni wilaya ya mbali. Ukishathibitishwa kazini, hakikisha jina lako linaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, maana ruhusa ya kusoma inapita kwa mkurugenzi, na asiyekuwa kwenye mpango huambiwa asubiri mwaka mwingine. Ukiwa humo ndipo ufadhili wa Wizara ya Afya wa kusomesha mabingwa, huu unaoitwa kwa jina la Rais Samia, unakuwa na maana kwako. Soma tangazo lake neno kwa neno, hasa mstari wa nani anaruhusiwa kuomba. Au mkataba wa pale misheni uliko, wenyewe wana mifuko yao na wakikusomesha watakufunga miaka ya kuwatumikia. Hilo nalo si baya, mradi uusome mkataba mchana ukiwa umeshiba.

Marekani nitaipita haraka. Rafiki yako amekuambia nusu. Ni kweli kule GPA yetu haiwashughulishi sana. Lakini tangu Januari 2022 mtihani wao wa kwanza unatoa kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo uzito wa namba umehamia wa pili, na huo ni maswali ya kuchagua kutwa nzima, mbele ya kompyuta. Unaona ninakokwenda? Unautoroka udhaifu wako kwa kupanda ndege kuufuata. Ukianguka, matokeo yanabaki kwenye rekodi, na kila hatua ina majaribio manne tu. Na katika fani zote kule, mifupa ni kati ya zilizofungwa zaidi kwa waliosoma nje. Wageni wanapata nafasi, wengi tu, kwenye magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya familia. Wewe ulishaniambia hivyo haviwezekani. Ukitaka kwenda kwa sababu nyingine, nenda kwa sababu hiyo.

Afya ya jamii? Ni fani nzuri, nina marafiki wamo. Lakini anayekwenda huko kupumzika anawaharibia waliokwenda kufanya kazi. Miaka 31 si umri wa kupumzika. Nilianza ubingwa nina 34 na mtoto mgongoni.

Kama mifupa si fungu lako, utajua, na si kwa C. Utajua siku ukigundua unachukia zile simu za Jumamosi. Kwa sasa masista wanakuita hata usipokuwa zamu, na unakwenda.

Mambo mawili ya wiki hii. Panda Kibosho peke yako, siku isiyo ya sikukuu, ukae na mzee wako. Yule mzee hakwenda kuangalia migomba saa mbili usiku. Mwambie wewe mwenyewe kwamba hutaki kiuzwe, umwambie kabla baba mdogo hajarudi Pasaka, maana baba hawezi kulisema hilo bila kuonekana anakuzibia njia. Na bosi wako akija mwezi huu, fika theata kabla yake, kauntabuku jipya likiwa kwapani.